Punje Moja, Klipu Moja

Kama uko shambani, egemea jembe kidogo. Kama uko kwenye matatu, mwombe dereva apandishe sauti ya redio, na akikataa, mwambie mimi ndiye niliyekutuma.

Wiki jana nilikuwa natoka Kitale naelekea Webuye. Tukapita Kiminini, na tulipofika Kamukuywa gari likasimama kushusha magunia ya mbolea. Makanga akatuambia dakika kumi. Ukiambiwa dakika kumi na makanga wa barabara ile, una muda wa kunywa chai, kunyoa nywele na kupatana bei ya mkungu wa ndizi. Nikashuka. Kando ya barabara palikuwa na fundi aliyeifungua planta ya mahindi, ile ya kuvutwa na trekta, amezipanga sehemu zake juu ya gunia moja moja kama mama anavyopanga mafungu ya nyanya. Mkononi alikuwa na sahani ya planta na tupa ndogo.

"Shida ni nini, fundi?"

Hakuinua macho. "Inatema mbili mbili, halafu inaruka."

Asiyekulia huku kwetu huenda asisikie uzito wa maneno hayo. Planta ina kazi moja tu iliyo ngumu. Kulima mfereji si kazi, kufukia si kazi. Kazi ni kudondosha punje moja, sentimita kama 25 mbele idondoshe nyingine moja, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa shamba bila kuchoka. Chini ya pipa la mbegu kuna ile sahani yenye matundu ukingoni. Gurudumu likizunguka, sahani nayo huzunguka. Kila tundu hubeba punje yake na kuipeleka mlangoni. Tundu likipanuka kwa kulika, punje mbili hujibana humo. Punje ikiwa nene kuliko tundu, hubaki juu, na tundu linapita tupu. Ndiyo maana mbegu ya kiwandani huchekechwa, zilizo bapa zikatengwa na za mviringo, kubwa zikatengwa na ndogo. Mkulima wa planta anayekwenda Kenya Seed pale Kitale kununua mbegu ya H614 hatazami bei peke yake, hutazama pia kama punje na sahani yake zitaoana.

Nikiwa nimesimama pale na kikombe cha chai, nikajikuta nawaza kitu kilicho mbali kabisa na mahindi. Nikawaza nyongo ya shangazi yangu.

Shangazi alisumbuliwa miaka na maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa akila kitu chenye mafuta, na kwa muda huo wote tulisema ni vidonda vya tumbo. Mwishowe ikaonekana ni mawe kwenye mfuko wa nyongo. Akafanyiwa upasuaji wa matundu madogo, matundu manne tu, na baada ya siku chache alikuwa anawafokea kuku uani kama kawaida yake. Mwaka mmoja baadaye akapigwa eksirei kwa sababu ya mgongo. Akaiinua ile picha dirishani na kuona vitu vinne vidogo, vyeupe, vimekaa pale ilipokuwa nyongo. Nikapigiwa simu saa hiyo hiyo. "Mwanangu, hawa madaktari wamesahau pini za stepla ndani yangu!"

Hawakusahau, msikilizaji. Ni klipu, na zimewekwa zikae humo maisha yote. Huwa ni za titaniamu, chuma kisichoshika kutu wala kuzozana na mwili. Nilimweleza hivyo akatulia, lakini akaniuliza swali lililonifanya nianze kusoma mambo haya. "Kama hawakunipasua, waliziingiza vipi?"

Mfuko wa nyongo unaning'inia chini ya ini kama embe changa, na kikonyo chake kina vitu viwili: mrija unaopitisha nyongo, na mshipa unaoleta damu. Ukitaka kuutoa mfuko, lazima kwanza uzibe vyote viwili, kisha ukate. Usipouziba vizuri mrija, nyongo itavuja tumboni. Usipouziba mshipa, ni damu. Daktari Mjerumani Carl Langenbuch alipoutoa mfuko wa nyongo kwa mara ya kwanza kule Berlin mwaka 1882, alilipasua tumbo, na kwa kuwa mikono ilifika, uzi ulitosha. Miaka 103 ikapita. Tarehe 12 Septemba 1985, katika mji wa Böblingen, Mjerumani mwingine, Erich Mühe, akautoa kupitia matundu. Wenzake hawakumshangilia. Miaka miwili baadaye Philippe Mouret akafanya hivyo Lyon, Ufaransa, na baada yake dunia nzima ikafuata.

Lakini mikono sasa imebaki nje. Ndani kuna kamera na vyuma virefu vyembamba. Tumbo limejazwa gesi ya kaboni dioksaidi ili ukuta wake uinuke na pawe na nafasi ya kuona. Kufunga fundo la uzi kwa vyuma vile, huku macho yako kwenye skrini, ni kama kumfunga mtoto kamba za viatu kwa vijiti viwili vya kupikia huku unamtazama kwenye kioo. Wapo wanaoweza, tena vizuri. Kurt Semm wa Kiel, aliyetoa kidole tumbo kwa njia hii mwaka 1980, alitumia sana kitanzi cha uzi ambacho fundo lake hufungwa nje ya mwili, kisha husukumwa ndani kwa kijiti. Bado, wengi waliona afadhali klipu. Wazo la klipu lenyewe lilikuwa kuukuu: daktari Harvey Cushing alikuwa akibana mishipa ya ubongo kwa vipande vya waya wa fedha tangu mwaka 1911.

Klipu ni kitu duni ukiishika. Ni kipande cha waya kilichopindwa kama herufi U au V, na kikishafungwa hakifiki sentimita moja. Unaizungusha juu ya mrija, unaibana, imekwisha. Kwa kawaida huwekwa mbili upande unaobaki mwilini na moja upande unaotolewa, mkasi unapita katikati. Mrija tatu, mshipa tatu, jumla sita. Mbili za upande wa mfuko hutoka na mfuko. Zile nne nyingine ndizo shangazi aliziona.

Sasa, kubana ni rahisi. Hata koleo inabana. Jambo gumu ni lile lile la planta: ya pili itoke wapi?

Chombo kinachotumika kina mpini kama bastola na fimbo ndefu inayopita tunduni. Fimbo hiyo huwa na unene wa milimita 10, na siku hizi kuna za milimita 5. Tano! Chukua rula ya mtoto uone. Ndani ya nafasi hiyo kuna taya mbili mbele, kuna mrija wa kuzifunga hizo taya, kuna foleni ya klipu kumi na tano au ishirini zimefuatana kama watoto wa shule wanaokwenda paredi, na nyuma yao kuna kitu cha kuzisukuma. Daktari akibana mpini, klipu ya mbele itoke kwenye foleni, iingie tayani, ikae sawa, ibanwe. Akiachia, foleni isogee hatua moja na kusimama. Isogee moja tu. Hapo ndipo wahandisi hukesha.

Njia ya kwanza ni kuweka springi nyuma ya foleni, kama kwenye stepla ya ofisini. Ni rahisi na haina mambo mengi. Ubaya wake unaujua kama umewahi kutumia stepla: springi hubana kwa nguvu foleni ikiwa ndefu, na hulegea foleni ikiisha. Klipu ya kwanza inasukumwa kwa hasira, ya mwisho inabembelezwa. Tena klipu zikisukumana migongo, miguu ya moja huweza kupanda juu ya nyingine, na zikishapandana ndani ya mrija wa milimita 5 hakuna wa kuziachanisha. Ndipo ikatafutwa springi ya utepe, ile inayojikunja kama utepe wa fundi cherehani, ambayo nguvu yake haibadiliki sana toka mwanzo hadi mwisho.

Njia ya pili ni kutoziachia klipu zisukumane kabisa. Unaweka utepe mrefu wenye vidole vidogo, na kila klipu ina kidole chake nyuma. Mpini ukifanya kazi, utepe husogea mbele hatua moja na klipu zote husogea pamoja. Utepe ukirudi, vidole hupita juu ya klipu bila kuzirudisha, kwa kuwa kuna ulimi wa chuma unaozizuia zisirudi nyuma. Hii ni sahihi zaidi, ila inadai usahihi zaidi. Tuseme kila hatua inakosea kwa sehemu 5 za mia za milimita, kosa ambalo jicho halilioni. Hatua ishirini, na makosa yote yakielekea upande mmoja, ni milimita nzima. Kwenye planta milimita moja si kitu. Humu ndani, klipu iliyochelewa kwa milimita moja inaingia tayani upande, mguu mmoja juu na mmoja chini, na ikibanwa inakatana kama mkasi. Mkasi juu ya mshipa wa damu.

Halafu kuna jambo dogo ambalo mimi binafsi lilinivutia kuliko yote. Kile kinachoisukuma klipu hadi tayani hakina ruhusa ya kuondoka mapema. Kikiondoka kabla taya hazijaishika, klipu huteleza na kuangukia tumboni. Lakini hakina ruhusa ya kuchelewa pia, maana taya zikifunga kikiwa bado katikati, nacho kinabanwa. Kinatakiwa kuisindikiza klipu, kungoja taya ziguse, kisha kujitoa. Kila mtu aliyewahi kumfundisha mtoto baiskeli anaijua saa hiyo ya kuachia kiti. Ndani ya chombo kazi hiyo hufanywa na kipande cha bati, mara ishirini mfululizo.

Na wasanifu hawakubaliani hata juu ya lini klipu iingie tayani. Wako wanaotaka iingie daktari anapoachia mpini, ili taya ziwe na klipu wakati wote, na daktari aione kabla hajausogelea mshipa. Wako wanaosema hapana, taya zikipita na klipu kwenye tundu la ngozi zitagongwa na klipu itadondoka. Afadhali ziingie tupu, na klipu ije wakati mpini unabanwa. Mimi si mhandisi, lakini ukiniuliza niko na wale wa kwanza. Ninataka anayenipasua aione klipu kabla ya kubana, siyo aisubiri kwa imani.

Mambo mengine yalikwisha kupatiwa dawa nzuri. Taya nyingi hukutanisha kwanza ncha za klipu, kisha ndipo katikati hubanwa, ili mrija usiponyoke kwa mbele. Mpini una meno ya kwenda mbele tu, kama yale ya gurudumu la nyuma la baiskeli yanayolia ka-ka-ka ukiacha kukanyaga pedali. Daktari akishaanza kubana hawezi kuachia nusu njia na kuacha klipu iliyofungwa robo. Na mwisho kuna kufuli: klipu ya mwisho ikitoka, mpini unakataa. Hilo la kufuli lisikupite hivi hivi. Taya tupu zikifungwa kwa nguvu juu ya mshipa zinaweza kuuchana, huku daktari akidhani ameuziba. Planta ikiruka, mkulima hujua baada ya siku kumi, mahindi yakiota na mapengo, na mwanawe hutumwa na kopo la mbegu kurudishia. Ndani ya tumbo hakuna kurudishia baada ya siku kumi. Chombo kikiishiwa lazima kiseme hapo hapo.

Sasa nikupe hesabu nyingine, ndogo, ya sokoni. Chombo kina klipu 20. Shangazi alihitaji sita. Zimebaki 14. Kwenye karatasi ya chombo imeandikwa kitumike kwa mgonjwa mmoja na kitupwe, kwa hiyo klipu 14 na kazi yote hiyo ya utepe na ulimi na springi vinakwenda kwenye taka. Mwambie hivyo mtu aliyelelewa Bungoma, mahali ambapo kopo la mafuta ya kupikia huwa kipimo cha mahindi, kisha taa ya koroboi, kisha toi la mtoto. Atakitupa? Katika nchi nyingi zisizo na pesa, vyombo vya kutupwa huoshwa, hutiwa dawa na kutumika tena. Simlaumu mtu. Mgonjwa wa pili hana bei ya chombo kipya, na bila chombo atapasuliwa tumbo lote.

Shida ni kwamba kinachokufa kwanza ni pale pale pa kulisha klipu. Taya unaweza kuzisugua kwa brashi. Ule mfereji mrefu mwembamba uliojaa klipu hauoshiki. Damu huingia, hukauka, hugeuka gundi. Joto la mvuke linaweza kupinda plastiki. Kwa nje chombo kinang'aa. Ndani klipu ya saba inangoja kukwama, na haitakwama mezani, itakwama mshipa ukiwa wazi.

Ndiyo maana nasema, na najua wapo watakaonipinga, kwamba kwa hospitali zetu za kaunti na za misheni chombo kizuri zaidi ni kile kisicholisha kabisa. Kipo, wala si kigeni: koleo ndefu ya chuma kitupu, inayobeba klipu moja. Muuguzi anaichovya kwenye kikasha kidogo chenye klipu kadhaa, klipu inashika tayani, anamkabidhi daktari. Imetumika, inatoka, inachovywa tena. Foleni imehamia mezani, kwenye mwanga, mbele ya macho ya watu wawili. Kikiisha kazi kinaoshwa na kuchemshwa kwa mvuke, na kesho kinatumika bila kudanganya karatasi yoyote. Klipu zisizotumika zinabaki kwenye kikasha chake.

Wapinzani wangu wana hoja, na ni nzito. Damu ikiruka ghafla, daktari anataka klipu ya pili sasa hivi, hataki kutoa koleo nje, kuipakia na kutafuta tena tundu. Sekunde zile ni ndefu. Jibu langu ni koleo mbili: moja ndani, moja mkononi mwa muuguzi ikiwa na klipu tayari. Halimalizi ubishi, lakini linaupunguza. Na koleo hiyo nayo ina dhambi yake, kwamba ukiiminya kidogo wakati wa kuipitisha tunduni, klipu inalegea na kudondoka. Inataka mkono uliozoea.

Kuna kazi moja ya jirani zetu inayonipa sababu ya kuamini kwamba fikra za namna hii zina mahali. Wahandisi na madaktari wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakishirikiana na Makerere pale Kampala, walitengeneza kamera ya upasuaji ya bei nafuu inayochomekwa kwenye kompyuta ya kawaida, wakaiita KeyScope. Wakatengeneza pia KeyLoop, chuma kinachoinua ukuta wa tumbo bila gesi, kwa hospitali ambazo mtungi wa gesi hauna uhakika. Hawakuanza kwa kuuliza jinsi ya kukipunguza bei chombo cha Ulaya. Waliuliza ni nini hasa kinachohitajika ili daktari aone, na ni nini ili apate nafasi. Kamera na gesi wamekwisha kuzigusa. Mimi ningependa swali linalofuata liwe la klipu, na ningependa mtu wa planta awepo chumbani linapoulizwa.

Maana nilirudi kwa yule fundi wa Kamukuywa. Chai ilikuwa imekwisha, makanga bado alikuwa anabishana na mwenye mbolea. Nikamwuliza fundi anajuaje sahani imekubali. Akairudisha mahali pake, akatia mbegu konzi mbili, akaweka beseni chini, akaanza kuzungusha gurudumu kwa mkono, polepole, huku anahesabu kwa sauti matundu yanayopita mlangoni. Punje zikawa zinaanguka, ti, ti, ti. Kijana wake alikuwa amechuchumaa akihesabu punje zinazoingia kwenye beseni. Walipofika arobaini fundi akasimama.

"Ngapi?"

"Thelathini na tisa," kijana akasema.

Mwenye planta, mzee mmoja aliyeketi juu ya tangi la trekta, akasema hiyo inatosha, mvua iko karibu. Fundi akamtazama, akafungua ile sahani tena, akaanza kulitafuta tundu lililoruka.

Ni saa tatu kasoro dakika moja. Taarifa ya habari inafuata.